Jinsi ya kufukua historia ya parokia ya kijijini Uingereza, anza na majina

Watu wengi wakitaka kujua historia ya kijiji fulani cha Uingereza wanakimbilia kanisani kupiga picha makaburi, au wanaandika jina la kijiji mtandaoni alafu wanaishia kusoma zile aya tatu zilizokopiwa kila mahali. Mimi nakushauri uanze na jina lenyewe. Jina la kijiji mara nyingi ndo kitu cha zamani kuliko vyote pale, limetangulia kanisa la mawe, limetangulia daftari la ubatizo kwa mamia ya miaka, vijiji vingine vilipata jina kabla Uingereza haijawa nchi moja yenye mfalme mmoja, na bado jina liko kwenye kibao cha barabarani na watu wanalitaja kila siku bila kuwaza. Tatizo ni kwamba ukilisoma kwa Kiingereza cha sasa unapotea kabisa. So kazi ya mwanzo ni kurudi nyuma mpaka kwenye tahajia ya kwanza unayoweza kuipata, alafu ndo unageukia ardhi, mashamba na watu.

Ujue kwanza unatafuta parokia ipi

Hapa wengi wanakwama bila kujua wamekwama. Parokia ya zamani ilikuwa eneo ambalo watu wake walilipa zaka kwa kanisa moja. Serikali ikaikuta iko tayari, ina mipaka na ina viongozi, ikaanza kuibebesha kazi zake, mwaka 1555 kutengeneza barabara, mwaka 1601 kutunza maskini, mpaka kile kikao cha waumini kikawa ndo serikali ya kijiji. Mwaka 1894 ukaanzishwa utaratibu wa mabaraza ya parokia ya kuchaguliwa, ambayo hayako chini ya kanisa. Ndo mana leo kuna parokia ya kanisa na kuna parokia ya kiserikali, na zinaweza kuwa na jina moja ila mipaka tofauti. Kabla hujaandika chochote andika juu ya daftari lako: naongelea parokia ipi, ya mwaka gani.

Kaunti nazo zimehama. Uffington, kijiji chenye yule farasi mweupe mkubwa aliyechorwa kwenye kilima cha chokaa, kilikuwa Berkshire mpaka mwaka 1974 kikaingizwa Oxfordshire, kwa hiyo ukitafuta nyaraka zake za zamani lazima uangalie chini ya Berkshire. Rutland ilifutwa 1974 ikarudi 1997. Hii imeshanipotezea siku nzima, nilikuwa natafuta kijiji kwenye kaunti ya leo wakati karatasi zote ziko kwa jirani.

Alafu tafuta ramani kabla ya maneno. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni bure ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali, na za Uingereza zimo pia, tumia zile za karne ya 19 za kipimo cha inchi sita kwa maili, zinaonyesha mpaka wa parokia kwa nukta nukta. Angalia umbo la huo mpaka. Chini ya vilima vya chokaa kusini, Sussex na Wiltshire, utakuta parokia nyembamba ndefu kama utepe zimepangwa ubavu kwa ubavu, na sababu yake ni nzuri sana, kila kijiji kilitaka kipande cha kila aina ya ardhi, juu kilimani malisho ya kondoo, katikati shamba la nafaka na chemchemi, chini kwenye unyevu majani ya kukata kwa ajili ya ng'ombe wakati wa baridi. Mpaka ukiwa unafuata mto au barabara ya Warumi ni kawaida, ila ukiona unakata kona kona za mraba katikati ya mashamba jua ulipita kwenye ardhi iliyokuwa tayari imeshalimwa na kugawanywa.

Sasa jina

Chora jedwali la safu tatu: mwaka, tahajia, imetoka wapi. Usiandike maana bado. Kwa vijiji vingi mstari wa kwanza utatoka Domesday Book, ule ukaguzi wa ardhi ambao Mfalme William, yule Mnormani wa Ufaransa aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, aliuagiza Krismasi ya mwaka 1085 akiwa Gloucester na ukafanyika 1086. Unaweza kuutafuta mtandaoni bure kwa jina la kijiji. Ila Northumberland na Durham hazimo, so kama kijiji chako kiko huko usihangaike. Na ukumbuke makarani waliandika kwa Kilatini huku masikio yao yamezoea Kifaransa, sauti nyingine za Kiingereza ziliwashinda wakaziandika walivyosikia. Kwa hiyo tahajia moja ya 1086 haitoshi, unahitaji mfululizo, ya karne ya 12, ya 13, ya 14, uone neno linavyosogea.

Habari njema ni kwamba kuna watu wamefanya kazi hii kwa miaka mia moja sasa. English Place-Name Society ilianzishwa mwaka 1923 na inatoa juzuu kwa kila kaunti, zina tahajia za zamani na mwaka wake, kwa kaunti zilizokamilika inashuka mpaka majina ya mashamba. Baadhi ya kaunti bado hazijaisha. Chuo Kikuu cha Nottingham kina kanzidata ya bure ya majina ya miji na vijiji, unaandika jina unapewa maelezo mafupi na lugha asili ya kila kipande. Anza hapo ila usiishie hapo.

Nikupe mifano uone kwa nini tahajia ya leo haitoshi. Eyam, kule Derbyshire, kile kijiji kilichojifungia wakati wa tauni ya 1665 na 1666 chini ya kasisi wao William Mompesson. Mtu akiona hiyo -am mwishoni anafikiri ni -ham, yani makazi. Siyo. Domesday wameandika Aiune, na asili yake ni neno la kisiwa kwenye Kiingereza cha kale likiwa na mwisho wa wingi wa mahali. Na hapa sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati, mana Mwingereza wa leo anahitaji aelezwe huo mwisho kwa aya nzima wakati sisi tunasema neno moja tu: Visiwani. Ndo maana yake, visiwa vya nchi kavu, vipande vya ardhi vilivyozungukwa na vijito. Kiingereza cha kale kilikuwa na tabia ya kutaja mahali kwa kusema "pale kwenye kitu fulani", kama -ni yetu, alafu baadaye ile tabia ikafa na mabaki yake yakaganda ndani ya majina. Nash ya Buckinghamshire ni hivyo hivyo, watu walisema "atten ash", yani pale kwenye mti wa ash, ile n ikahama ikaungana na neno la mbele. Kama Mwembeni tu. Kuna kijiji Hertfordshire kinaitwa Nasty, ambalo kwa Kiingereza cha leo ni neno la kitu kibaya, kumbe ni "pale kwenye ua wa mashariki", n imeruka vile vile.

Great Snoring ya Norfolk nayo watu wanaicheka kwa sababu leo inasomeka kama kukoroma. Domesday ni Snaringes, maana yake watu wa Snear, jamaa na wafuasi wa mtu aliyeitwa hivyo. Tena tunayo hiyo, ni kama tunavyoita mahali "kwa fulani". Mwisho wa -ingas ulikuwa unataja kundi la watu kabla haujawa jina la mahali, so ukiukuta kwenye tahajia za zamani unajua kijiji kilianza kama watu.

Alafu kuna kaskazini na mashariki ambako Waviking walikaa baada ya jeshi lao kubwa kufika mwaka 865. Lincolnshire, Leicestershire, Yorkshire, huko utakutana na -by, ambayo ni kijiji au shamba kwa lugha yao, na -thorpe ambayo mara nyingi ni kitongoji kilichotoka kwenye kijiji kikubwa. Kirby ni kijiji chenye kanisa. Angalia pia sauti, Skipton na Shipton ni jina moja, shamba la kondoo, ila moja limepita kwenye mdomo wa Mskandinavia likapata sk. Charlton na Carlton vile vile, shamba la watu huru wa kawaida. Na Normanton usiihusishe na Wanormani wa William, ni shamba la watu wa kaskazini, Wanorwe, lilikuwepo kabla.

Mahali pengine tabaka la lugha linaonekana wazi kabisa. Breedon on the Hill, Leicestershire: bre ni kilima kwa lugha ya Wabritoni waliokuwepo mwanzo, Waanglo-Saksoni, wale waliokuja na Kiingereza cha kale, walivyofika wakadhani ni jina tu wakaongeza dun, yani kilima, na vizazi vya baadaye visivyojua lolote kati ya hayo vikaongeza "juu ya kilima". Kilima mara tatu, lugha tatu kwa mpangilio wa kufika. Kanisa lake liko juu pale pale. Mito ndo inashikilia majina ya zamani zaidi, Avon ni neno la mto tu kwa wale Wabritoni, ndo mana kuna mito Avon mingi.

Kipande cha pili cha jina usikipuuze. Vijiji vya jina moja vilikuwa vingi kwa hiyo baada ya 1066 watu wakabandika jina la mwenye ardhi kuvitofautisha. Stoke Mandeville ni ya familia ya Mandeville, Wharram Percy ya Percy, Ashby de la Zouch ya la Zouche. Hicho kipande cha pili kinakupa familia ya kuitafuta kwenye nyaraka na kinakupa kipindi. Kule Dorset kuna Toller Porcorum na jirani yake Toller Fratrum, Kilatini hicho, moja ni ya nguruwe na nyingine ni ya ndugu, wale ndugu wakiwa ni watawa wa kijeshi wa shirika lililoitwa Hospitallers ambao ardhi ile ilikuwa yao.

Na kitu ambacho nakisisitiza kuliko vyote: ukishapata maana, nenda ukaiangalie ardhi. Margaret Gelling, mtaalamu wa majina ya mahali, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Waanglo-Saksoni hawakuita kilima chochote kwa neno lolote. Dun ni kilima kipana chenye juu tambarare pa kutosha kijiji kukaa. Kwa bonde walikuwa na cumb, fupi na pana kama bakuli, na denu, refu na jembamba linalopinda. Ham nayo ni mbili, ham ya makazi na hamm ya ardhi iliyoshikwa na maji au kona ya mto, leo zinaandikwa sawa, so ukisimama pale ukaona mto umeizunguka sehemu kwa pande tatu umeshapata nusu ya jibu. Maana isiyokubaliana na ardhi iwekee alama ya kuuliza hata kama imeandikwa kwenye kijitabu cha kanisani.

Kuhusu hadithi za wenyeji, kwamba mfalme fulani alilala hapa ndo pakaitwa hivi, ziandike zote na uandike nani kakwambia na lini, ila ziweke kwenye ukurasa wake. Zinakuambia watu wanavyokipenda kijiji chao, maana ya jina ni swali jingine.

Mashamba ndo utamu wenyewe

Mwaka 1836 bunge lilipitisha sheria ya kugeuza zaka. Kabla ya hapo mkulima alitoa sehemu ya kumi ya nafaka, wana kondoo, maziwa, kila kitu, na ugomvi ulikuwa hauishi. Sheria ikasema ilipwe pesa, kiasi kikifuata bei ya wastani ya ngano, shayiri na oti kwa miaka saba. Ili kujua nani alipe ngapi ilibidi kila kipande kipimwe, na hapo ndo tukapata ramani za zaka, nyingi zikachorwa ndani ya miaka kumi na tano hivi iliyofuata. Kila shamba lina namba, na kwenye orodha yake kuna mwenye ardhi, anayeitumia, jina la shamba, linalimwa au ni majani, na ukubwa wake kwa ekari, ruudi na pechi (pechi 40 ni ruudi moja, ruudi 4 ni ekari). Zilitengenezwa nakala tatu, moja ya serikali iko National Archives pale Kew, nyingine ilienda kwa askofu na nyingine kwa parokia, hizi mbili kama zimesalia mara nyingi ziko ofisi ya kumbukumbu ya kaunti.

Ukikosa ramani ya zaka usikate tamaa, zinafika karibu robo tatu tu ya nchi. Leicestershire na Northamptonshire nyingi hazina kwa sababu huko mashamba ya wazi, yale makubwa ambamo kila mkulima alikuwa na vipande vyake bila ua katikati, yalishazungushiwa ua kwa sheria za bunge karne ya 18, na wakati huo huo kanisa likapewa ardhi badala ya zaka. Kwa hiyo unachotafuta huko ni hati ya ule mgawanyo wa ardhi, nayo ina ramani mara nyingi. Ukitaka kuona yalivyokuwa kabla ya ua nenda Laxton, Nottinghamshire, bado wanalima mashamba makubwa matatu ya wazi na bado kuna mahakama ya kijiji inayokagua mipaka kila mwaka, na ramani yao ya 1635 iliyochorwa na Mark Pierce ipo mpaka leo, iko Oxford kwenye maktaba ya Bodleian.

Sasa kaa na ile orodha ya majina ya mashamba jioni moja na penseli za rangi. Bell Rope Piece, kodi yake ilinunua kamba za kengele za kanisa. Lamp Acre, ya mafuta ya taa ya altareni. Hunger Hill na Labour in Vain zinakuambia udongo ulivyowatesa watu. Hundred Acres kikiwa kipande kidogo kuliko vyote, huo ni utani wa wakulima na umeandikwa kwenye hati ya serikali. Botany Bay au Nova Scotia, majina ya Australia na Canada, utaikuta pembezoni kabisa mwa parokia, shamba la mbali kama dunia ya pili. Brick Kiln Field inakuonyesha tofali za nyumba za pale zilichomwa wapi. Blacklands unaiwekea alama, mana udongo mweusi wakati mwingine ni majivu na takataka za makazi ya zamani, ya Kirumi hata. Pakaa rangi moja kwa mwenye ardhi mmoja alafu uone kijiji kizima kilivyokuwa mfukoni mwa watu wawili watatu.

Watu

Hapa nitaenda haraka kidogo kwa sababu miongozo ya ukoo iko mingi. Rejista za ubatizo, ndoa na maziko ziliagizwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538. Nyingi zinaanza 1558 na sababu ni kwamba mwaka 1598 waliagizwa wanakili zile za karatasi kwenye ngozi, hasa tangu Malkia Elizabeth wa Kwanza alivyoanza kutawala, wengi wakanakili kuanzia hapo tu. Kipindi cha vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, kati ya miaka ya 1640 na 1660, tegemea mapengo. Ukikuta daftari limepotea ulizia nakala za askofu, parokia zilitakiwa kumpelekea nakala kila mwaka. Na mpaka mwaka 1752 mwaka ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtu aliyezikwa Februari 1700 kwenye daftari, kwa hesabu yetu ni Februari 1701. Andika zote mbili.

Sensa ya 1841 ndo ya kwanza nzuri yenye majina nchi nzima, ila umri wa watu wazima umepunguzwa mpaka kwenye tano ya chini yake, mtu wa 39 ameandikwa 35. Ya 1851 ni bora zaidi, inataja parokia aliyozaliwa mtu. Ya 1931 iliungua 1942 na ya 1941 haikufanyika, so baada ya 1921 kinachofuata ni ile rejista ya vita ya 1939.

Kitu ambacho watu wanakisahau na mimi nakipenda mno ni karatasi za maskini. Kwa sheria ya 1662 kila mtu alikuwa na parokia yake ya haki, akiishiwa huko ugenini anaweza kurudishwa, na kabla ya kurudishwa alihojiwa mbele ya mahakimu: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi kwa nani, kwa mwaka mzima au pungufu, ulilipwa ngapi, uliolewa na nani. Ni maisha ya mtu asiyejua kuandika, kwenye ukurasa mmoja, kwa maneno yanayokaribia ya kwake. Hakuna nyaraka nyingine ya kijijini inayokuweka karibu hivyo na mfanyakazi wa shamba wa karne ya 18.

Na kama unatafuta namna ya kuvipanga hivi vitu vyote, mzee mmoja wa Myddle, Shropshire, Richard Gough, kati ya 1700 na 1702 aliandika parokia yake kwa kufuata viti vya kanisani, kiti kwa kiti, familia inayokaa pale ni nani, waliipataje haki ya kukaa, nani mlevi na nani alimwibia nani. Unaweza kufanya vile vile kwa shamba kwa shamba au nyumba kwa nyumba, mpangilio wa mahali unafanya kazi vizuri kuliko wa tarehe.

Ofisini na barabarani

Kabla hujaenda ofisi ya kumbukumbu ya kaunti tazama orodha yao mtandaoni, andika namba za nyaraka, uliza kuhusu kadi ya msomaji na kama lazima uweke nafasi. Beba penseli, kalamu ya wino haziruhusu. Anza na juzuu za Victoria County History, vitabu vya historia ya kaunti moja moja, kama kijiji chako kimo, mradi ulioanza 1899, nyingi ziko mtandaoni bure na tanbihi zake zinakupa njia ya nyaraka zenyewe. Daftari za mahakama ya lodi mwenye ardhi ni hazina ila mpaka 1733 ziko kwa Kilatini, pamoja na mwandiko wa ajabu, National Archives wana somo la bure mtandaoni la kusoma miandiko ya zamani, fanya hilo kwanza wiki mbili. Na kila unachonakili andika namba yake hapo hapo, tahajia iache ilivyo usiirekebishe.

Alafu tembea. Chagua jua la asubuhi au la jioni majira ya baridi, kivuli kirefu kinaonyesha matuta ya kilimo cha zamani kwenye malisho, na migongo ya nyumba zilizohamwa kama kule Wharram Percy ambako wanaakiolojia walichimba miaka arobaini, kuanzia 1950. Picha za leza kutoka angani zinatolewa bure na serikali, zinaonyesha hata chini ya miti. Njia iliyozama chini ya mashamba ya pembeni imekanyagwa karne nyingi, fuata uone inaenda wapi.

Mwisho nenda kwa wazee wanaolima au waliolima pale, na ile ramani ya zaka mkononi. Usiwaulize "shamba hili linaitwaje", waombe wakutajie mashamba yao kwa mpangilio wanaoyapita asubuhi, utashangaa majina mangapi ya 1840 yamo mdomoni mwao, mengine yamebadilika silabi moja, mengine ni mapya na hayajaandikwa popote. Andika wanavyotamka, weka namba ya shamba kutoka kwenye ramani, tarehe, na kwa ruhusa yao rekodi sauti. Nakala moja ya orodha hiyo ipeleke ofisi ya kumbukumbu ya kaunti iingizwe kwenye mafaili ya parokia.